Nimefumua Nywele Ulizonisuka

Mama Mdogo,

Nimefumua. Naanza na hilo hata kabla ya salamu, maana najua ndilo ungelitaka kwanza. Miaka yote niliyokaa kwako Bariadi, nikirudi shule ulinitazama kichwa kabla hujanitazama uso. Zile nywele ulizonisuka mara ya mwisho hazipo tena. Sikuzifumua kwa ubishi wala kwa kukusahau. Nakuandikia nikueleze mwenyewe, kwa sababu kila mtu ana namna yake ya kulisimulia jambo hili, na mjomba ndiye anayelisimulia vibaya kuliko wote.

Hali ya huko Bariadi si nzuri. Saluni tumeifunga. Kioo chako kikubwa tumekifunika kwa kanga. Wapo wateja ambao bado hawajapata habari. Wanakuja, wanagonga, na mimi nakaa kimya ndani kama mwizi. Yule mama wa Nkoma, anayetaka kusukwa mistari minene kisha analalamika imekuwa minene, aligonga mpaka nikafungua. Nilipomwambia, alikaa chini pale pale kwenye ngazi akalia, ikabidi nimbembeleze. Mimi ndiye niliyembembeleza yeye. Nilikukasirikia siku ile, Mama Mdogo. Nikukose, na bado nihudumie wateja wako.

Unakumbuka siku Masanja alipoleta habari za mashindano? Masanja mwenzangu wa chuo, yule mrefu uliyekuwa ukimwambia ainame asije akauchukua mlango. Alisema ni hakathoni. Ukasema jina lenyewe kama ugonjwa wa kuku. Akakueleza kwa subira kwamba vijana wanakusanyika ukumbini siku mbili, kila kikundi kinatengeneza kitu chake, kisha wanasimama mbele ya majaji kukionyesha. Safari hii ilikuwa ni michezo ya kompyuta inayoendeshwa kwa ubongo, pamoja na vifaa vya kuvaa mwilini. Unavaa mkanda kichwani, una vihisio vinavyogusa ngozi na kusikia mawimbi madogo ya ubongo, na kompyuta inajua kama umetulia au unahangaika. Mteja aliyekuwa kwenye kiti akasema yeye havai kitu cha kusoma mawazo, mumewe asije akakiazima. Ulicheka mpaka ukaweka kitana chini.

Shida ilikuwa nywele. Mkanda tulioazima chuoni ulimkubali Masanja, ambaye kichwa chake ni kama yai, lakini kwangu na kwa Kabula haukusikia kitu. Kabula unamjua, yule binti wa Maswa anayekula huku akiongea. Yeye ndiye aliyesema basi hiyo ndiyo iwe kazi yetu: tutengeneze mkanda wa mwanamke aliyesuka. Wengine wote watatengeneza vya vichwa vitupu, sisi tutengeneze cha kichwa chenye nywele zake. Vihisio tukaviwekea pamba iliyoloweshwa maji ya chumvi, ili vilale kwenye njia kati ya msuko na msuko, pale ngozi inapoonekana. Kilichobaki kikawa kupata kichwa kilichosukwa kwa kipimo cha mkanda. Kichwa kikawa changu na mikono ikawa yako.

Mara ya kwanza uliharibu. Ulisuka ulivyopenda wewe, njia zikapinda kwenda nyuma ya masikio, na tulipokuambia ukanishika kichwa ukasema nywele ni za Minza, basi hivyo vihisio ndivyo vihame. Tulibishana jioni nzima. Mara ya pili ulikubali kufuata alama tulizochora kwa chaki, huku ukinung'unika kwamba tangu uanze kazi hii hujawahi kusuka kichwa kwa amri ya mtoto. Ukanisuka twende kilioni, mistari yote ikipanda juu. Jina lenyewe la mtindo ule siku hizi silitamki.

Mchezo wetu ulikuwa wa kulima. Kwenye skrini kuna ng'ombe wawili na plau. Ukituliza akili wanakwenda mbele wamenyooka, akili ikihangaika wanakwenda upande, ukizidi wanasimama kabisa. Yule wa kushoto ulimwita Shemeji, kwa sababu haendi mpaka abembelezwe. Ulipomaliza kunisuka ulitaka kujaribu na wewe, tukakuvalisha mkanda juu ya misuko yako. Shemeji alikwenda hatua chache akaingia kichakani. Ulipokuwa unavua uliniuliza kama ule mkanda unaweza kuona kichwa kinachouma. Nikakujibu kwamba hauoni ugonjwa, unaona kutulia tu. Ukasema basi hauna faida kwako, ukameza dawa ya maumivu, ukaniambia nifagie nywele sakafuni kabla sijalala.

Asubuhi yake ulianguka ukiwa unafungua saluni. Hospitali walisema ni kiharusi. Hukusema neno tena. Nilikaa pembeni ya kitanda nimekushika mkono, mkono uleule uliokuwa kichwani kwangu jana yake, na nilikuwa nasikia ngozi ya kichwa inavuta kwa sababu misuko ilikuwa bado mipya. Ilikuwa inauma kidogo, kama inavyouma siku ya kwanza. Ulipokata roho ilikuwa bado inauma.

Tulikuzika kwenu Zagayu, karibu na babu. Watu walikuwa wengi, Mama Mdogo. Walikuja wasusi wenzako wote wa mjini, hata yule mliyekuwa hamsalimiani. Alilia kuliko mimi.

Kisha ikafika siku ya kuanua matanga na kunyoa. Bibi alinyolewa wa kwanza, mama yangu akafuata, wakaja mjomba na watoto, mmoja baada ya mwingine, wanakaa kwenye kigoda na nywele zinaanguka kwenye ungo. Ilipofika zamu yangu nikakataa. Nilisema mashindano yako karibu na mkanda wetu unahitaji kichwa kilichosukwa, na hilo lilikuwa kweli. Lakini wewe nakuambia na lile lililobaki. Hizi nywele ndizo kazi ya mwisho iliyofanywa na mikono yako hapa duniani. Sikuwa tayari kuona wembe unapita juu yake na ungo unakwenda kumwagwa.

Mjomba alipandisha hasira. Alisema mimi nimesoma mpaka nimepotea, na kwamba marehemu analiliwa kwa kichwa, siyo kwa kompyuta. Mama yangu aliinamisha uso. Bibi peke yake hakufoka. Aliniita mayu, mama, kama alivyokuwa akikuita wewe, akanishika kiganja, akasema, "Nenda, mayu. Nitakaa hapa chini mpaka kichwa cha mwisho kinyolewe."

Na kweli alikaa. Unamjua mama yako. Wengine walirudi kwenye shughuli zao, lakini yeye alibaki kwenye mkeka mle ndani alimolala tangu siku ya kilio. Hakupanda kitandani, hakugusa jembe. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, majirani wote wanapanda, na kile kishamba chake cha nyuma ya nyumba kilikuwa hakijaguswa. Mama alikuwa ananipigia simu kunieleza kwamba bibi anakohoa, sakafu ina baridi. Halafu ananyamaza kwenye simu ili nijisikie vibaya. Nilijisikia vibaya. Nikajifunga kitambaa kichwani nikalala nacho, sikuosha nywele, sikujikuna ila kwa ncha ya kitana, nikazilinda zile nywele kama mtu anavyolinda mayai.

Wiki zikapita, siku ya mashindano ikafika. Ukumbi wa chuo ulijaa vijana na nyaya. Kulikuwa na kikundi cha glavu inayojua mkono unavyotetemeka, kingine cha mkanda wa kiunoni wa mkulima unaolia akiinama vibaya. Tukapanga meza yetu, Masanja akafungua kompyuta, Kabula akalowesha pamba, nikavaa mkanda.

Shemeji akasimama. Hakwenda mbele wala upande. Mistari ya mawimbi kwenye skrini ilikuwa fujo tupu.

Tukajaribu tena na tena. Masanja akakagua programu yake yote, Kabula akabadilisha pamba, akaongeza chumvi. Hakuna. Basi nikaona wanatazamana. Kabula akanivuta pembeni, akaniuliza kwa upole kama nimelala vizuri, kama nimekula, kama ningependa tusali. Masanja, ambaye hajui kunong'ona, akaanza kunong'ona. Nikaelewa. Walikuwa wanafikiri ni msiba. Kwamba kichwa cha mtu aliyefiwa hakina utulivu wa kuwatembeza hata ng'ombe wa kuchora.

Na mimi niliamini, Mama Mdogo. Niliona aibu iliyoje. Nilikaa pale nimefumba macho, najilazimisha nisikufikirie, nafikiria kuta, nafikiria maji kwenye ndoo, na kila nikifungua macho Shemeji amesimama palepale. Nilijiambia hata huzuni yangu sasa inasomwa na mashine, na mashine imeikataa. Siku ya kwanza ikaisha hivyo.

Siku ya pili asubuhi alipita jaji mmoja, mama wa makamo, kazi yake ni vifaa vya hospitali. Aliuliza kwa nini tumenuna. Badala ya kumjibu nikajikuta namuuliza kuhusu wewe. Nikamwambia kuna mtu alivaa mkanda huu jioni akiwa na maumivu ya kichwa, akaanguka asubuhi; je, tungeangalia vizuri tungeona? Aliweka begi chini. Alisema mkanda kama huu usingeonyesha, hata angeutazama yeye mwenyewe usingeonyesha, na nisije nikarudi kujiuliza swali hilo. Nakuandikia hili ulijue. Lilikuwa linanielemea kuliko yote na sikuwa nimemwambia mtu.

Alipoondoka nilitoka nje kupata hewa, na kichwa kikaanza kuwasha. Safari hii nikajikuna kwa kidole, wazi, bila kuogopa. Kidole kikatafuta njia kati ya misuko, nikashangaa hakikugusa ngozi. Kiligusa nywele fupi, nyororo, zimejaa pale pote. Nikajaribu njia nyingine, ikawa vilevile. Misuko yenyewe ilikuwa imeinuka kutoka kwenye ngozi, inaning'inia kwenye maoteo mapya.

Mimi, niliyekulia chini ya kiti cha saluni. Mimi niliyewaambia wateja wako mara ngapi, dada, hizi zimeshaota, fumua. Sikuona. Sote watatu hatukuona, kwa sababu tulikuwa tumeshaamua kwamba tatizo ni huzuni. Pamba ilikuwa imelala juu ya nywele mpya na haigusi kichwa kabisa. Zilikuwa zinaota muda wote ule niliokuwa nazilinda. Zilikuwa zinaota pale kaburini, na wakati namkatalia mjomba, na wakati bibi anakohoa chini. Mimi nilifikiri nimeshika mikono yako, kumbe kila siku kichwa changu kilikuwa kinaisukuma mbali kidogo.

Nililia pale nje kwa sauti. Watu walikuwa wanapita na chai.

Kabula alipokuja nikamwambia afumue, kisha anisuke upya kwa alama zilezile. Alikataa. Alisema hawezi kuwa yeye, akarudi nyuma hatua mbili kama nimemwambia achinje. Basi nikakaa kwenye ngazi ya ukumbi nikaanza mwenyewe, na msuko wa mbele kabisa, juu ya paji la uso. Ulikuwa unamalizia kila msuko kwa fundo dogo la uzi mweusi, unalikaza kwa meno. Nililifungua lile fundo kwa kucha, likachukua muda. Harufu ya mafuta yako ikatoka, yale ya nazi unayochanganya na kitu ambacho hukutaka kumwambia mtu, na hapo mikono ikanikatalia. Kabula akakaa nyuma yangu. Akachukua msuko wa pili.

Masanja alifika, akatuona, akaenda kuazima kanga kwa wale kina mama waliokuwa wakiuza chai. Akasimama ametupa mgongo, ameinyoosha juu kwa mikono yake mirefu ili watu wasituone. Alisimama hivyo mpaka tukamaliza. Ungempenda. Nadhani ulishampenda, ndiyo maana ulikuwa unamtania.

Kabula anasuka vibaya, Mama Mdogo. Anasuka kama wasichana wanavyosukana bwenini, huku mkazo, huku legelege, na mstari mmoja ulikwenda kama njia ya mlevi. Lakini ngozi ilionekana. Zamu yetu ilipoitwa nilisimama mbele ya majaji na kichwa kile, nikavaa mkanda, na sikujaribu tena kutokukufikiria. Nilikuwa nimechoka kujaribu. Nilikufikiria jinsi ulivyo, ulivyosimama nyuma yangu tumbo lako likigusa mabega yangu, ukiimba nusu wimbo na nusu nyingine huijui. Machozi yalikuwa yanashuka taratibu. Na Shemeji akaenda. Akaenda na mwenzake mpaka mwisho wa shamba, wakageuka, wakarudi, mtaro umenyooka. Nilikuwa na msiba mzima kichwani na bado nilikuwa nimetulia. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja.

Hatukushinda. Walishinda wa glavu, na walistahili. Yule mama jaji alisema tuendelee, na chuo kimetuachia mkanda tuufanyie kazi.

Sikulala Bariadi. Nilipanda pikipiki jioni ileile, hata cheti sikusubiri, tukapita mashamba ya watu yameshachipua, mpaka Zagayu. Bibi alikuwa kwenye mkeka. Alikuwa amekonda. Nikamsalimia, nikapiga magoti nikamwinamishia kichwa, akapitisha vidole juu ya mistari ya Kabula polepole, mmoja mmoja.

"Hii siyo mikono ya Mbuke," akasema, akikutaja jina.

Nikamwambia siyo, bibi. Nimezifumua. Nilidhani atasikitika, lakini aliitikia kwa kichwa tu, akamwagiza mama yangu alete maji na wembe.

Alininyoa mwenyewe. Mjomba alikuja akasimama mlangoni akitazama. Wembe ulikuwa wa baridi, na mkono wa bibi unatetemeka siku hizi, lakini hakunikata. Nilifumba macho nikasubiri kusikia kwamba sasa umekwisha kabisa, kwamba hakuna tena chochote mwilini mwangu ambacho ulikigusa. Ndicho nilichokuwa nakiogopa tangu siku ya matanga. Akamaliza, akaniosha kwa maji, akakausha kwa upande wa kanga yake. Nilipofumbua macho bibi alikuwa ameweka viganja vyake vyote viwili juu ya kichwa changu, anakipapasa, kisogo, juu ya masikio, kile kibonde cha nyuma ambacho mimi mwenyewe sikujua kama ninacho. Alikuwa analia. Mama anasema tangu uzikwe hakuwa ametoa chozi.

"Hiki ni kichwa cha Mbuke," akasema. "Nilikuwa nakinyoa hivihivi akiwa mdogo. Wabeja, mayu. Wabeja." Ndivyo alivyonishukuru.

Mama akaja akakigusa na yeye, akaanza kucheka na kulia pamoja, akasema ni kweli, ni chako, hata kile kibonde. Miaka yote hiyo ulikuwa unakisuka na hukuniambia. Au labda ulijua, ukaona ni kitu cha kukaa nacho mwenyewe.

Usiku ule bibi alipanda kitandani kwake. Leo asubuhi yuko shambani na jembe, anamfokea mjomba kwamba mitaro imepinda, na mimi nimekaa hapa kibarazani nakuandikia, upepo unanipiga kichwani moja kwa moja. Kila baada ya muda nanyanyua mkono nakishika.

Pumzika sasa, Mama Mdogo. Nimekulia, nimekunyolea, na sitaacha kukulia eti kwa sababu tumeanua matanga. Jumatatu narudi Bariadi kuifungua saluni. Kabula atakuwa anakuja jioni, nitamfundisha kusuka mstari ulionyooka kama ulivyonifundisha, kwa kumpiga kitana mkononi. Na ule mkanda tutaumaliza. Nakuahidi atauvaa mama wa Nkoma kabla ya mtu mwingine yeyote, na akilalamika, nitamsikiliza mpaka mwisho kama ulivyokuwa ukimsikiliza wewe.

Mwanao, mwenye kichwa chako,
Minza